Muhuri Kwenye Mkoba

Asubuhi ile kwenye treni, mbele yangu walikaa mama mmoja, mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni, na bwana mmoja, meneja wa ghala la saruji. Wote walikuwa likizoni, na wote walikuwa na sauti za watu waliozoea kusikilizwa.

"Zamani nilikuwa natembea na muhuri wa ofisi mpaka harusini," mama alisema. "Bila mimi lori halitoki. Safari hii nimemwachia msaidizi wangu. Wiki nzima, ndugu yangu, simu kimya na sabuni zinatoka!"

"Wangu ninao hapa," bwana akaupapasa mkoba. "Wakizoea kufanya kazi bila wewe, mama, kwisha habari yako."

"Yangu ndiyo kwanza inaanza! Zamani nilikuwa mlinzi wa muhuri. Leo ni bosi!"

Simu ya bwana ikalia. Aliyepiga alifoka mpaka behewa zima tukasikia: malori yamejaa getini, muhuri uko wapi?

"Umesikia?" bwana akatamba. "Bila mimi hawawezi!"

Treni ikasimama. Mama akashuka akiimba, anakwenda kumwona mjukuu. Bwana naye akashuka, kifua mbele, akavuka upande wa pili kungoja treni ya kumrudisha kazini.