Bi Kijiti na Nyenje wa Bonde la Juu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewafundisha watu arobaini kuimba msitu. Sikusema kuimba kuhusu msitu. Nimesema kuimba msitu wenyewe: mvua yake, vyura wake, ndege wake, hadi tawi kavu linapokatika. Alifariki Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Wanakwaya walimwita Bi Kijiti. Wapo waliosema ni kwa sababu ya kile kijiti cha kuongozea kwaya. Wapo waliosema, kwa kunong'ona, ni kwa sababu ya mwili wake. Yeye alizijua sababu zote mbili na akaitika vilevile.

Alianza kama mwalimu wa muziki wa shule ya msingi. Siku moja aliwapeleka wanafunzi kwenye msitu wa mvua, na mvua ikawakuta humo humo. Wanafunzi walijibanza chini ya mti mkubwa. Mwalimu wao alisimama nje, amelowa chapachapa, anaandika noti za muziki nyuma ya karatasi za mtihani. Mumewe, fundi seremala, anakumbuka alivyoingia nyumbani. "Nikamwambia, pole mke wangu, umenyeshewa. Akaniambia, nyamaza kwanza, usije ukanisahaulisha!" Kisha seremala huyo anacheka, machozi yakimlengalenga. "Mimi kazi yangu mbao, yeye kazi yake miti. Humu ndani tulikuwa tunapatana kwenye chakula tu."

Kwaya ilizaliwa hivyo. Watu arobaini, kila mmoja na kiumbe wake, bila neno hata moja. Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye bwalo la shule, saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Mvua ilipoanza kunyesha vinywani mwa wale watu, ukumbi mzima ulitazama juu kwenye bati. Bwana mmoja wa safu ya mbele alifungua mwavuli. Jamani, alifungua mwavuli! Hakuna aliyemcheka, maana jirani zake walishainua miguu. Viingilio vya maonyesho yao ndivyo vilivyonunua viatu na baiskeli za walinzi wa msitu.

Sasa sikilizeni sheria ya Bi Kijiti, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Kila mwaka aliingia msituni siku tatu, peke yake, kusikiliza. Asichokisikia hakiimbwi. Mwanakwaya ambaye kiumbe wake hakusikika mwaka huo husimama jukwaani pamoja na wenzake, kafumba mdomo, mwanzo hadi mwisho. Watu walikuwa wanalia kwa kuona ile midomo iliyofumbwa.

Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, ndiye aliyeimba nyenje. Huyu ni nyenje mdogo kama punje ya mchele, anaishi kwenye kuvu la miti mikongwe ya bonde la juu, na hapatikani kwingine. Sauti yake ni nyembamba mno. Fundi cherehani aliitoa kwa ulimi nyuma ya meno, "tsiii", kama maji yanavyoponyoka kwenye bomba bovu. Mwaka mmoja Bi Kijiti alirudi kutoka msituni, akamgusa mdogo wake begani, akasema, "Mdogo wangu, nyenje wako hayupo." Akalitangaza hilo gazetini. Miaka mitatu fundi cherehani alisimama jukwaani mdomo umefungwa.

Kisha ikaja kampuni ya mbao, inataka kibali cha kukata bonde la juu. Na hoja yao, wasikilizaji, ilikuwa maneno ya Bi Kijiti mwenyewe. Walisema bonde lilihifadhiwa kwa ajili ya nyenje, na nyenje amekwisha, Bi Kijiti kasema. Nani angebisha? Masikio yake ndiyo yaliyokuwa ushahidi.

Zilibaki wiki tatu kabla ya kikao cha hadhara. Mwaka huo goti lilimsumbua, kwa hiyo mdogo wake akashikilia kumsindikiza. Walipofika bonde la juu, fundi cherehani alimkamata mkono.

"Dada, unamsikia?"

"Nani?"

"Nyenje wangu! Wako wengi, dada, wanapiga kelele mpaka meno yanauma!"

"Mimi sisikii kitu. Acha utani."

Mdogo mtu hakuwa na utani. Bi Kijiti alimtazama usoni, halafu akamwambia, "Niimbie." Akaona ulimi unacheza nyuma ya meno. Sauti haikumfikia. Hapo ndipo alipoelewa. Nyenje hakuwa ameondoka hata siku moja. Kilichoondoka ni masikio yake, kwa umri, maana sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Mdogo wake anasema alikaa juu ya gogo, akasema, "Nimemzika mzima."

Wote walitaka kumnusuru na aibu. Mumewe alimshauri, "Sema tu nyenje amerudi. Nani atajua?" Bi Kijiti alikataa katakata. "Nikisema amerudi, watauliza alikuwa wapi. Watasema kumbe ana pengine pa kuishi. Watakata. Na mficha maradhi, baba, kifo humuumbua."

Kiongozi wa kwaya asiyesikia! Miaka thelathini ya jina lake ilikuwa mkononi mwake siku ile. Alisimama kwenye ukumbi wa halmashauri, viti vya plastiki vimejaa hadi mlangoni, akasema, "Nilitangaza uongo bila kujua. Nyenje yupo. Ni mimi nisiyesikia." Kuna mtu alicheka nyuma. Mwenyekiti wa kikao, mzee mwenye mvi, akauliza, "Sasa mama, leo tukuamini kwa lipi?"

"Msiniamini mimi," akajibu. Akamsimamisha mdogo wake, akainua kijiti. Fundi cherehani akaimba.

Mwenyekiti alisubiri. Akaanza kupanga karatasi zake. "Mama, mwambie basi aanze."

"Ameshaanza," Bi Kijiti akasema. "Anayemsikia anyanyue mkono."

Mikono ikanyanyuka. Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuwepo na kinasa sauti changu. Zaidi ya nusu ya ukumbi! Walionyoosha mikono walishangaa wenzao hawasikii, na wasiosikia walishangaa mikono. Mwenyekiti aligeuka kulia, akageuka kushoto. Karani wake, kando yake kabisa, alikuwa amenyoosha mkono huku ameziba sikio. Yule mzee akavua miwani, akasema polepole, "Kumbe na mimi."

Wiki iliyofuata kamati yote ilipanda bondeni, na karani ndiye aliyewasikilizia. Kibali hakikutolewa. Miti mikongwe ya bonde la juu imesimama hadi leo.

Bi Kijiti alitaka kung'atuka. Kwaya ikamgomea. Akaongoza miaka kumi na mmoja zaidi, mdogo wake mbele yake, akimwonyesha kwa kidole sauti ambazo hazikumfikia. Kujikwaa si kuanguka.

Tunatoa pole za dhati kwa mumewe, fundi seremala, kwa mdogo wake, na kwa wanakwaya wote arobaini. Mwenyezi Mungu ampumzishe pema. Nasi tuliobaki tujiulize ni vingapi tumeshavitangazia kifo, na ni masikio ya nani tuliyoyaamini.

Sasa tutasikiliza sauti iliyorekodiwa jana bonde la juu. Ni nusu dakika. Wengine mtadhani mitambo yetu imezimika. Haijazimika. Msiguse redio. Mtazame tu aliyekaa karibu nawe, umuulize anasikia nini.