Nilimwombea Mwenye Nyumba Afe

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na ninyi mlioimba asubuhi hii, asifiwe na mimi niliyeshindwa kuimba. Mnanijua, Mama Neema wa Columbia Heights. Watoto wenu wamejifunza Kifaransa mezani kwangu. Leo naungama dhambi yangu, na Kifaransa hicho kimo ndani yake.

Vita vya Kongo vilitutawanya. Mimi na mume wangu tuliletwa hapa Minnesota. Mdogo wangu aliangukia Ufaransa na mama yetu mzazi, wakaishi chumba kimoja ghorofa ya saba. Mama alinyimwa viza ya kuja huku mara mbili. Nikasema basi, tununue kijumba katika mji mdogo kule, tukikarabati, ili kila likizo tulale na mama chini ya paa moja. Sikutaka kingine. Baba Neema akaongeza zamu kwenye ghala la Shakopee.

Nyumba niliiona kwenye simu. Nyembamba, ya mawe, madirisha ya bluu, na bei yake ilikuwa chini kuliko zote. Palikuwa na neno moja, viager. Mimi, mwalimu wa Kifaransa wa Bukavu, sikulijua, na kuuliza niliona haya. Nikalisoma kama voyager, kusafiri. Nikamwambia Baba Neema, "Ni nyumba ya wasafiri. Ni ya watu kama sisi."

Mwanasheria wa kule akapiga simu. "Madame, nikueleze masharti?"

"Monsieur, nimefundisha Kifaransa miaka kumi na minane."

Nikatia sahihi. Majivuno, ndugu zangu, hayana dawa ya dukani.

Likizo tukaenda na brashi za rangi, na mapazia ya kitenge niliyoshona mwenyewe. Mlango ukafunguliwa na bibi kizee aliyevaa aproni. Akatutazama, akasema, "Kumbe ndio ninyi mlioninunua."

Ndipo nilipojifunza lile neno. Viager maana yake nyumba umenunua, lakini aliyekuuzia anakaa humo mpaka afe, nawe kila mwezi unamtumia cha kumtunza. Hatukuruhusiwa kugusa hata msumari. Nikayatupa mapazia pale mlangoni kwa hasira, tukarudi.

Mama alikuwa akiuliza kwenye simu, "Mwanangu, ile nyumba itaisha lini?" Nami namjibu, "Bado wanapaka rangi, mama." Miaka miwili nilimdanganya mama yangu. Mliniona nikifunga hapa kanisani, mkadhani naombea amani ya Kongo. Hapana. Nilimwomba Mungu amchukue yule bibi. Nikisikia joto kali, lile linaloua wazee, limeingia Ufaransa, nafurahi. Mdogo wangu alikuwa akipita kumwangalia, nami namuuliza kama anakohoa. Nilikauka moyo. Nilifungua Biblia nikaona wino mtupu.

Asubuhi moja nakwangua barafu kwenye kioo cha gari, simu ikalia. Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, akasema, "Yaya, mama amefariki."

Nikasema, "Asante Yesu."

Kisha akaniuliza polepole, "Yaya, unasema nini? Mama yetu."

Ndugu zangu, nilianguka kwenye theluji. Nilikuwa nimengojea kifo kimoja muda mrefu hivyo, hata cha mama yangu nikakishukuru. Maneno hayo siwezi kuyarudisha mdomoni. Hata leo nayasikia.

Nilifika Ufaransa nikijiuliza matanga yatawekwa wapi, kwenye kile chumba cha ghorofa ya saba? Mdogo wangu akanipeleka kwenye ile nyumba. Yule bibi alikuwa amesogeza viti, amewasha jiko, na madirishani yalining'inia mapazia yangu ya kitenge. Jeneza la mama lilikuwa sebuleni. Mama alilala usiku mmoja katika nyumba niliyomnunulia, naye hakujua.

Nikampigia magoti yule bibi jikoni. Nikamwambia, "Nimekuombea ufe."

Akaendelea kukoroga sufuria. "Najua, binti yangu. Hata mimi siku nyingine niliomba hivyo hivyo. Kaa, unywe supu."

Nikainywa huku nalia, na ule uchungu wa miaka miwili ukaniachia pale kwenye kile kiti. Sikusikia sauti ya mbinguni. Mama hakufufuka. Lakini Bwana alinifungua kwa mkono wa mtu niliyemtakia kaburi, nami namshukuru nikiwa bado naumia.

Ikiwa hapa yuko anayehesabu siku za mwenzake ili yeye apate nafasi, namwambia, mwamini Mungu sasa, kabla simu haijalia. Mimi nilichelewa.

Yule bibi anaitwa Madeleine. Juzi amelazwa, kifua kimembana. Nimefunga tangu Alhamisi. Safari hii nawaambieni ninachoomba, na naomba mniitikie: aishi.