Taarifa Yake Ilipokelewa

Ndugu waombolezaji, nasoma mimi shangazi yake niliyemlea, na msitegemee nipambe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1987, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, akasoma shule ya msingi hapo ng'ambo ya barabara kuanzia 1994 hadi 2000, kisha sekondari, kisha chuo cha uchukuzi alichomaliza 2009, mdomo mrefu lakini mwandiko safi.

Tarehe 17 Agosti 2013 alimwoa mkunga huyu mnayemwona, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2015 aliajiriwa na shirika la misaada, kazi yake kuandika taarifa ya kila msafara, namba za magari, idadi ya watu, njia, saa na vituo, na kuipeleka kwa pande zote mbili zinazopigana siku mbili kabla, ili wasiupige, na gari haliondoki mpaka wote wajibu kwamba imepokelewa, tena mwenyewe alikuwa akipanda juu ya lori kuhakikisha alama kwenye turubai inaonekana kutoka angani. Nilimwambia kuku hamwonyeshi mwewe alipoficha vifaranga, akacheka, akasema, shangazi, mwewe huyu ametia saini.

Ugonjwa hakuwa nao. Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, malori manne ya unga na dawa yakiwa yamesimama darajani, mahali palepale na saa ileile iliyoandikwa, yalipigwa bomu na ndege, akafa yeye na madereva wawili. Waliopiga walisema kwanza taarifa haikufika, walipoonyeshwa jibu lao wakasema ilifika ila rubani hakuambiwa, sasa wanasema wanachunguza, kinyaa kitupu, hata mwongo wa sokoni hushika uongo mmoja.

Jana bosi wake alileta karatasi nisome badala ya hii, imeandikwa ajali kazini, akanisihi, mama, tukiwasema hawataturuhusu kupita tena, na huko watu wana njaa. Nilimwelewa, njaa naijua. Nikampa mjane aamue, akaisoma mara mbili, akaikunja, akasema, shangazi, mimi nimemwosha, ile haikuwa ajali.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika na majeruhi, majirani mlioleta viti na maji, na wenzake kazini, ambao kesho wana msafara mwingine na taarifa yake wameshaituma. Aliyejibu imepokelewa hatumshukuru.

Pumzika kwa amani, mwanangu, hapa tunapokulaza hatujamtaarifu mtu.