Gauni Jekundu Litapanda Boti

Benchi lililo pembeni mwa gereji lina miguu mitatu na tofali, na kila asubuhi hukaliwa na wanaume watatu wenye majibu ya kila kitu. Spana ni fundi pikipiki ambaye pikipiki zake humsubiri. Redio hana kazi, ana habari. Wakili alipewa jina hilo kwa kushindwa kila kesi aliyowahi kufungua. Anayewamiminia kahawa ni Mama Birika, na asubuhi hiyo alimimina kwa hasira mpaka ikamwagika kwenye sahani.

Hasira ilitoka kwa wakwe watarajiwa. Walikuwa wamemtumia ujumbe wa kumwalika yeye na bintiye anayeposwa kushinda Jumapili nzima kwenye boti ya mjomba wa kijana. Mwaliko ulikuwa mzuri, ila ulikuja na mkia: wavae rangi tulivu, wasivae vya kung'aa, wasifunge vilemba vikubwa, “tusije tukaonekana kama tuko sokoni.” Yeye sokoni ndiko alikomlelea huyo bibi harusi. Tena gauni lake jekundu lilikuwa limeshapigwa pasi, la kwanza maishani mwake ambalo kitambaa chake alikichagua mwenyewe. Miaka yote ya kuwafulia watu alivaa nguo walizozichoka wenyewe. Binti alikuwa amemsihi wavae wanavyotaka wakwe, yaishe. Mama Birika akalitundika gauni ukutani, akalala na hasira yake.

Kosa lake lilikuwa kuwasomea ujumbe ule hawa wa benchi.

— Wana haki, alisema Spana. Nyekundu inavuta jua. Jua likizidi injini inachemka, mnabaki katikati ya maji mnapiga makasia.

— Injini iko nyuma. Mimi nitakaa mbele.

— Joto linatembea, mama.

— Achana na injini, akadakia Redio. Nyekundu majini ni ishara ya hatari. Chombo chochote kikikuona kinakuja kukuokoa. Mtaokolewa siku nzima mpaka mchoke.

Wakili alikohoa kwanza, kama afanyavyo anapotaka kusema asichokijua. Akaeleza kwamba majini nahodha ndiye polisi na ndiye hakimu, na abiria aliyevaa nguo iliyokatazwa anaweza kushushwa kisiwa chochote kilicho karibu, akaachwa hapo na mkoba wake.

— Na ukishaachwa huko, kesi utaifungulia wapi?

— Popote, mradi usinitetee wewe, Mama Birika akamwambia.

Walicheka, lakini hawakunyamaza. Redio aliuliza kama gauni lenyewe ni pana. Aliposikia ni pana, akashika kichwa: upepo ungeingia chini, gauni lingetuna, na boti ingekuwa na tanga ambalo hakuna aliyeliomba. Wangejikuta nchi nyingine bila pasipoti. Spana akaona hilo dogo, akajitolea kumpa nati kumi za pikipiki azishonee kwenye pindo. Wakili akapinga kwamba mtu mwenye nati akianguka majini anakwenda moja kwa moja chini, na hapo nati ndizo zitakazokuwa ushahidi. Basi avae suruali, akasema Redio. Suruali chini, gauni juu, akasahihisha Spana, na juu yake koti la mvua la kijivu ili wakwe wasione kitu.

Kila mmoja alikuwa akimvisha mama wa watu kwa mdomo. Mama Birika aliwasikiliza na moyo ukamuuma, maana aliona ujumbe wa wakwe umemrudia, safari hii kwa sauti za watu anaowanywesha kahawa kila siku.

Dada aliyeanza kazi wiki hiyo kwenye duka la dawa alikuwa amesimama kando na koti lake jeupe, akingoja kikombe.

— Samahanini, alisema. Na bwana harusi kaambiwa avae nini?

Spana alimtazama Redio. Redio hakuwa na habari. Wakili alikohoa, na baada ya kukohoa hakikufuata kitu.

— Yule mwanamume, Spana akasema mwishowe. Atavaa tu.

— Atavaa nini?

Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kuuliza, si wa benchi wala wakwe. Mama Birika mwenyewe, aliyeusoma ujumbe ule mara kadhaa na roho ikiwaka, hakuwa ameuliza, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Alimmiminia dada yule kikombe kilichojaa, akafunika birika. Spana aliponyoosha chake aliambiwa kahawa imeisha. Mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye mdomo wa birika, lakini hakuna aliyethubutu kubisha.

Mama Birika akatoa simu, akabonyeza pa kurekodi sauti, akasema akiwa amesimama, mbele yao wote:

— Mkwe mwenzangu, habari za asubuhi. Jumapili tunakuja. Mimi nitavaa gauni langu jekundu na kilemba changu, na ndiyo, mimi ni mtu wa sokoni. Binti yangu atachagua mwenyewe, hata mimi simchagulii. Na kijana wenu avae anachotaka. Kwetu hapangiwi mtu.

Akaachia kidole, ujumbe ukaenda.