Nusu ya Ukanda Iliyobaki Chawia

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Misitu,

Sisi wenye mashamba wa Chawia tunakukaribisha. Utuwie radhi kwa kukuita mapema hivi, kabla hujanywa chai. Sababu utaiona mwishoni.

ASILI YETU

Kila mwaka, masika yakiisha na nyasi zikiwa bado nusu mbichi, wazee wetu walichoma ukanda mwembamba kati ya mashamba na msitu. Walichoma kukiwa na umande, watu wamejipanga na matawi mabichi ya kuzimia. Moto mkubwa wa kiangazi ukipanda kutoka nyika, ulifika kwenye ukanda ukakosa cha kula.

SHERIA

Sheria mpya inakataza mtu kuwasha moto karibu na msitu bila ruhusa. Hatuilaumu. Msitu ukiungua chemchemi hukauka, na wa kwanza kuona kiu ni sisi. Mwaka jana tuliomba ruhusa mwezi wa Juni. Jibu lilifika Oktoba: tumeruhusiwa. Moto wa kiangazi ulikuwa umekwisha kupita, na maghala kumi na moja ya mahindi yameteketea. Hata hivyo tulifanya kikao kujadili kama tuchome majivu, tusije tukaonekana tumeidharau ruhusa.

MAFANIKIO

Tulipewa ndoo moja ya kuzimia moto. Haijapotea. Imefungiwa ofisini, na ufunguo uko Voi.

TATIZO

Wiki iliyopita mzee Obadiah, anayeujua upepo wa hapa kuliko sisi sote, alianza kuchoma ukanda bila kungoja barua. Alipofika nusu akatokea Thadeus, mlinzi wa msitu, aliyemwoa binti wa mzee huyo.

"Baba, lete mikono."

"Ukinifunga, nani atauzima huu?"

"Sheria imetaja kuwasha, baba. Kuzima haikutaja."

"Basi zima wewe."

"Mimi sina ruhusa ya kushughulika na moto."

Ikabidi mzee azime kwanza, Thadeus akimshikia kofia, ndipo wakashuka pamoja hadi jela ya Voi. Amepewa miezi mitatu. Nusu iliyobaki ndiyo inayotazama maghala mapya na msitu wako. Baada ya siku kumi nyasi zake zitakuwa zimekauka kabisa.

MAOMBI

Tunaomba ruhusa, ila si kwa barua. Tumeisoma sheria polepole, mara nne. Haimkatazi afisa kuwasha mwenyewe. Kiberiti kiko mezani mbele yako, na hawa waliosimama nyuma yako na matawi hawakuja kukupungia. Thadeus amesema ukiwasha wewe atapiga saluti.

Kisha tunaomba mzee Obadiah arudi nyumbani. Tunaona itakuwa vigumu kumfunga mtu kwa kazi ambayo Bwana Afisa mwenyewe ameimalizia.

Mungu akubariki, Bwana, na aushike upepo papo hapo ulipo. Risala tumeiandika fupi makusudi: umande unakauka.

Ni sisi,
Wenye mashamba wa Chawia
Imesomwa na Gibson, Juni 1924