Gitaa la Marehemu

"Ting! Nikizima taa tu, kabatini: ting!" mjane alimwambia fundi wa magitaa aliyekaa naye kwenye treni. "Ndiyo maana nampelekea mnunuzi gitaa la marehemu."

Kiti cha nyuma, mama kijana aliyempakata mwanawe alijifanya anatazama dirishani, masikio yote kwao.

Fundi aliligonga gitaa kwa kucha, likiwa bado limefungwa shuka. "La kabla ya vita hili, dada! Limeshikwa kwa gundi ya ngozi, msumari hata mmoja hakuna. Usiliuze kwa woga. Ni baridi tu inavuta nyuzi."

"Nyuzi zake alizikwa nazo, kaka."

Fundi akaondoa mkono taratibu.

Treni ikasimama kituo cha mnunuzi. Mjane akainuka, akasita, akaketi tena amelikumbatia.

"Mama," mtoto akasema, "sasa gitaa limenyamaza."