Philip Gachau na Kibuyu Kilichoenda Ruiru

Huyu tunayemzika leo ni baba yetu, Philip Gachau Ndirangu. Wengi wenu mlimwita Baba Wanja. Mimi ndiye Wanja, kifungua mimba wake. Familia iliamua niandike mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimchunga, na kumchunga baba kulikuwa kama kuchunga mbuzi karibu na shamba la mahindi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1952 hapa Gatuanyaga, mtoto wa tatu wa marehemu Ndirangu na marehemu Wanja, nyanya yangu niliyerithi jina lake. Nyanya alikuwa na kibuyu kikubwa cha kuchachishia uji, kimeshonwa shingoni mahali kilipopasuka. Watoto wote wa boma lile walinyweshwa uji wa kibuyu hicho, na baba zaidi, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuuguaugua. Ndicho kitu pekee alichoachiwa na mama yake.

Alisoma shule ya msingi hapa Gatuanyaga kuanzia 1960 hadi 1966, akamaliza darasa la saba. Alikuwa mwerevu lakini mchelewaji. Siku moja mwalimu alimuuliza, “Gachau, leo umecheleweshwa na nini?” Akajibu, “Nungunungu, mwalimu. Amepita na watoto wawili.” Alichapwa, halafu mwalimu akaenda kuziangalia zile nyayo. Walikuwa wawili kweli.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika, upande wa ukarabati, akawa fundi wa saruji. Alifanya kazi miaka thelathini bila kuchelewa, maana kule hakukuwa na nungunungu.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, Magdalene. Mama husema kwamba pombe ya ruracio yake, yaani siku ya kupeleka mahari, ilibebwa kwa debe. Nyanya alikataa kibuyu chake kitoke nyumbani hata kwa harusi ya mwanawe. Nyanya alijua watu.

Baba alipostaafu alijenga chumba cha mabati kando ya barabara, akakifungua tarehe 12 Agosti 2006. Upande mmoja ulikuwa wa wanyama wa hapa kwetu. Alipoona alama ya fisi, digidigi au nguchiro kwenye matope, aliimiminia saruji laini, akangoja ikauke, akaileta nyumbani kwa pikipiki ikiwa imefungwa kwa blanketi la mama. Ngozi na pembe za wanyama wa porini hakuzitaka. Alisema sheria inakataza, na hata isingekataza, mnyama aachiwe ngozi yake. Upande wa pili ulikuwa wa kazi za mikono: viondo, nyungo, vigoda vya miguu mitatu, na juu ya vyote kibuyu cha nyanya, na karatasi aliyoiandika mwenyewe: “Wanja alichachishia uji humu. Msiguse.”

Kibao cha nje kilisema MAKUMBUSHO YA NYAYO. Calvince, rafiki yake wa kiwandani, alikuja siku ya kwanza, akazunguka chumba chote, akauliza, “Gachau, na maziwa iko wapi?” Alifikiri ni yale maziwa ya Nyayo, ambayo serikali iliwagawia watoto wa shule bure zamani. Baba alimpa kikombe cha maziwa, na tangu hapo kila mzee aliyepita alidai chake.

Shida ilianza watu walipogundua tuna vitu vya kitamaduni. Siku hizi hakuna ruracio bila vibuyu vya kupigia picha. Kila Ijumaa ni hodi, hodi, na baba hakujua kukataa. Watoto wa shule wakija Jumatatu walikuta ukuta mtupu. Mwalimu mmoja aliniuliza, “Mama, hii ni makumbusho ya misumari?” Nyayo za saruji pekee hazikuazimwa, kwa sababu ni nzito.

Kisha jirani yetu Gachanja akaomba kibuyu cha nyanya, apeleke muratina, ile pombe ya kienyeji, kwa wakwe zake wa Ruiru, mwanawe alipokuwa akimwoa Lynn. Nilisimama mlangoni nikasema hapana. Baba akasema, “Wanja, huyu ni jirani. Jumatatu kitakuwa hapa.” Kilitoka Jumamosi, tarehe 7 Septemba 2024. Jumatatu alikuja Gachanja mikono mitupu.

“Baba Wanja, mambo imeharibika. Walikipokea pamoja na mahari. Wamekitundika sebuleni.”

“Si uwaambie ni cha kuazima?”

“Haiya! Niwaambie aje? Mahari ikianza kurudi, hiyo ni ndoa imevunjika. Watadhani tunawarudishia msichana, na Lynn ana mimba.”

“Basi mtoto azaliwe kwanza,” baba akasema.

Lakini hakutulia. Mara tatu alienda Ruiru kama mgeni wa kawaida, akapewa chai na chapati, akakaa akikitazama kibuyu ukutani, akarudi bila kusema neno. Nilimuuliza, “Sasa baba, ulienda kufanya nini?”

“Kukiona. Hawakioshi kwa sabuni. Ni watu wazuri.”

Nilitaka kulia kwa hasira.

Marehemu aliugua kisukari tangu 2015. Safari ya tatu ya Ruiru ilikuwa Alhamisi, tarehe 23 Januari 2025, siku yake ya kliniki. Nilimkataza. Alirudi na kidonda cha kiatu mguuni, akakificha ndani ya soksi hadi niliposikia harufu yake. Alilazwa hospitalini Thika tarehe 17 Februari. Siku tatu baadaye Lynn alijifungua salama. Nilipompa baba habari hizo alisema, “Sasa wanaweza kuulizwa.” Hakuna aliyeuliza. Alituacha Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa tano asubuhi.

Kwa hiyo nauliza mimi. Wakwe wa Ruiru, najua leo mko nasi, na tunawashukuru kwa kuja. Kibuyu kile hakikuwa mahari. Kiliazimwa, na kosa ni letu sisi tulionyamaza. Lynn ni wetu, hakuna anayemrudisha, na mahari yenu iko kamili. Mtoto wake na anyonye, akue. Tunachotaka ni kibuyu tu. Gachanja, usiangalie chini, utaenda nami kukichukua. Na wengine wenye viondo na vigoda vyetu, mnajijua. Mlango utakuwa wazi kuanzia Jumatatu, na anayerudisha haulizwi kitu.

Marehemu ameacha mjane, Magdalene, watoto wawili, Wanja na Ndirangu, wajukuu watano, na dada yake, Emmaculate wa Kahawa Wendani.

Mungu amlaze baba yetu mahali pa utulivu, asipobishiwa hodi na mtu wa kuazima.